Daftari Lililonuka Karafuu

Wenzangu wa nyumba ya walimu, Madungu,

Tangu nirudi kutoka Makangale mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, nami kila mmoja nimempa jibu lake. Mmoja nimemwambia nilikwenda kumtazama mgonjwa, mwingine nimemwambia harusi, na najua mmekaa mkalinganisha. Najua pia linalosemwa sokoni Chake: kwamba Zuhura kapanda gari la mkaguzi akaenda kumchongea mjomba wake. Gari nilipanda kweli. Kwa hiyo afadhali nieleze kwa kalamu, maana nikieleza kwa mdomo nitajipendelea, na hodari wa kujitetea mnanijua mimi.

Mjomba Kombo ni kaka wa mama yangu. Baba yao alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu za watu, akazeeka akichuma karafuu za watu. Baada ya Mapinduzi mjomba alipata bahati ya kupelekwa masomoni Ujerumani, ile ya mashariki. Alirudi na koti zito lisilovalika Pemba, na kichwa kimejaa maneno ya mwanafalsafa mmoja wa huko wa karne iliyopita. Jina lake mnalijua na ndevu zake mmeziona. Viongozi wetu wenyewe humtaja kwenye semina. Mjomba humwita Mzee wa Kijerumani, na humzungumzia hivi utadhani wamekula sahani moja. Mafundisho yake, kama nilivyosomeshwa mimi, ni haya: kitu hupata thamani kwa sababu kuna mtu amekitolea jasho, na katika dunia hii anayetoa jasho ni mmoja na anayekula thamani ni mwingine.

Mjomba alipewa darasa la watu wazima Makangale, bila vitabu. Macho yake nayo yalikwisha kuingia mtoto wa jicho. Basi likizo moja ya mwaka juzi nilikaa kwake mwezi mzima, yeye akisema na mimi nikiandika, mpaka tukajaza daftari moja nene, maneno ya Mzee wa Kijerumani kwa Kiswahili cha shamba. Penye vitambaa na viwanda vya Ulaya, mjomba alitia karafuu na makuti. Mpaka hapo hapana ubaya. Lakini nusu ya pili ya daftari ilikuwa yake mwenyewe, na humo aliuliza mchumaji wa Pemba anapata nini katika kipimo cha pishi moja ya karafuu, na kilichobaki kinakwenda kwa nani. Nilipoandika maneno hayo mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa naangalia uzuri wa herufi tu.

Wanafunzi wake walilitumia daftari lile miezi mitano, kisha mjomba akanirudishia nilifiche, maana kulikuwa na mnong'ono. Nikaliweka ndani ya kasha langu, chini ya nguo. Wiki ya pili ya Mfunguo Nne, mwezi wa Muharram, nikapata salamu: mjomba ameshtakiwa kwamba anawafundisha watu kuidharau serikali, Alhamisi baada ya adhuhuri atahojiwa mbele ya mkaguzi wa elimu, na mimi nimpelekee daftari upesi. Aliamini mkaguzi akishaona kwamba maneno yametoka kwa Mzee wa Kijerumani, yule yule wa semina, mambo yatakwisha kwa chai.

Mimi sikuamini. Na nyote mnajua mwandiko wangu. Vyeti vyote vya skuli yetu nimeviandika mimi, na ofisi ya elimu ikitaka tangazo zuri huniita mimi. Mtu yeyote wa elimu angelifungua daftari lile angesema, huyu Zuhura. Kazi ingekwenda, na mama na wadogo zangu wanne wanakula kwa kazi hiyo. Nisipolipeleka, mjomba atasimama mbele ya watu mikono mitupu. Niliondoka nyumbani sijakata shauri.

Madungu hadi Wete

Jumatano asubuhi nililitoa daftari kwenye kasha, nikalifunga ndani ya kanga, kanga nikaitia kwenye mkoba wa ukili, na mkoba nikaupakata ndani ya lori la abiria. Ulikuwa msimu wenyewe. Kila ua tulilolipita lilikuwa na majamvi ya karafuu zilizoanikwa, na kila baraza lina watu wanachambua. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: magendo yamepamba moto, karafuu zinavushwa kwenda Mombasa, na askari wanapekua mpaka vikapu vya ndizi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha mashelisheli. Tulipotoka mjini akanisogelea.

"Mwanangu, wazipeleka wapi?"

"Napeleka nini, mama?"

"Hizo." Akavuta pumzi kwa pua. "Mie si ntoto. Konde wapekua sana siku hizi. Zifunge tumboni useme una mimba, ndo watu wafanyavyo."

"Sina kitu, mama. Ni nguo tu."

"Haya," akasema, na akanipigapiga goti. "Na nguo zako zanukia."

Nilidhani anasema mafuta yangu ya nywele. Nikaona haya, nikajifunika vizuri, na maneno yake mengine sikuyatia maanani. Kosa langu kubwa la safari lilikuwa hapo, maana mama yule alikuwa akinionya kwa lugha nyepesi kabisa.

Kabla ya Chwale gurudumu la nyuma likapasuka. La akiba halikuwepo. Utingo akaazima baiskeli kwenda Wete kutafuta raba, na sisi tukashuka. Saa tatu ikawa saa sita, saa sita ikawa alasiri. Mama wa mashelisheli alikusanya kuni, akachoma mawili, akatugawia abiria wote kwa chumvi na pilipili. Lilikuwa tamu, lina moto, linanata vidoleni. Mimi nilikula kipande kimoja kwa muda wa saa nzima.

Pale ndipo nilipotaka kulitupa. Nawaambia kama ilivyokuwa. Niliaga naenda haja, nikaingia shambani na mkoba wangu, nikatafuta shimo. Nilikwisha jipangia na uongo: mjomba, mkoba umeibwa kwenye lori. Nikalitoa daftari, nikalishika kwa mikono miwili. Mara juu ya kichwa changu mtu akakohoa. Kumbe mkarafuu ule una wachumaji watatu, mmoja mwanamke, kamba kiunoni, wananitazama.

"Watafuta nini, bibi?"

"Njia," nikasema.

"Njia iko ulikotoka."

Nikarudi lorini na daftari langu. Msinisifu kwamba nilikuwa na imani. Nilikuwa nimeonwa tu.

Wete

Wete sina mengi. Tulifika magharibi, nikalala kwa shangazi. Alinipikia wali na mchuzi wa pweza, chakula ninachokipenda kuliko vyote, nikashindwa kumeza. Shangazi akanikazia macho, akanishika kipaji cha uso, akaniangalia tumbo, kisha akauliza polepole kama kuna jambo nataka kumwambia kabla hajalisikia kwa watu. Nilipofahamu anachofikiri nililia kwa hasira, naye akachukulia machozi ndiyo jibu. Mpaka leo anamwandikia mama yangu barua za mafumbo.

Konde

Alhamisi alfajiri nikapata gari la Konde. Kizuizi kilikuwa kabla ya soko: gogo limelazwa juu ya mapipa mawili, askari wanne, mmoja mwanamke. Wanawake tukawekwa upande wake. Alikuwa mnene, mpole wa sura, na alikuwa akipekua huku akiuliza watu habari za watoto wao. Kwangu hakuuliza kitu. Alipofungua mkoba alisimama, akainamisha uso, akanusa.

"Mwalimu," akasema, maana nilikwisha mwambia kazi yangu, "zi wapi?"

"Zipi?"

Akatoa kanga, akaikung'uta, na daftari likaanguka chini likafunguka. Ndani ya kurasa zikamwagika karafuu kavu, kiasi cha kujaa kiganja.

Ndugu zangu, nani kati yenu hatii karafuu kwenye kasha lake? Mama zetu wote wametia, wadudu wasile nguo, na mimi nilitia nyingi zaidi wasile karatasi. Pua yangu ilikwisha zizoea. Lori zima lilinusa, mama wa mashelisheli alinusa, ni mimi tu niliyekuwa sinusi.

"Hizi ni za wadudu," nikasema.

"Wadudu wa Mombasa?" akasema askari mmoja wa kiume, na wote wakacheka.

Nikapelekwa kwa mkubwa wao, ndani ya banda la kupokelea karafuu. Mtu mzima, miwani imefungwa uzi, anafungua kurasa kwa kulamba kidole. Aliniambia nikae juu ya gunia. Karafuu kiganja kimoja hakuzijali hata kidogo. Alilijali daftari.

Akasoma kwa sauti: "'Pishi tatu za karafuu ni sawa na kanzu moja. Kanzu moja ni sawa na makuti mia mbili. Kwa hiyo pishi tatu za karafuu ni sawa na makuti mia mbili.'" Akavua miwani. "Kanzu hizo zatoka wapi?"

"Hazitoki popote, bwana mkubwa. Si kanzu za kweli."

"Na karafuu?"

"Nazo si za kweli."

"Zimenuka mpaka kule nje na si za kweli?"

"Ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

Hapo nikapiga hesabu. Mfano wa thamani, ningesema. Thamani gani, angeuliza. Ile aitoayo mchumaji kwa jasho lake. Na nani kasema hayo, na nani kaandika, na kwa nini ukurasa wa hamsini unataja bei ya serikali? Nikikaa kimya mimi ni mfanya magendo, na hiyo ni orodha yangu ya kubadilisha karafuu kwa kanzu. Nikisema, mimi ni kitu kibaya zaidi. Jasho lilinitoka mpaka gunia chini yangu likawa na unyevu.

Mkubwa alifungua ukurasa mwingine, akaanza kunakili zile pishi na kanzu kwenye karatasi yake, kwa utaratibu, kama ushahidi.

"Daftari si langu," nikasema. "Ni la Mwalimu Kombo wa Makangale. Yeye ndiye aliyeandika. Mimi nimetumwa kumpelekea."

Maneno yalitoka mepesi, tena kwa sauti nzuri ya darasani. Mkubwa akaweka kalamu chini. Uso ukamchanua.

"Kombo huyu wa leo? Wa mkaguzi?"

"Ndiye."

"Sasa ungesema mapema." Akalifunga daftari, akaliweka juu ya meza chini ya kiganja chake. "Litakwenda na mkaguzi mwenyewe, apita hapa sasa hivi. Weye nenda zako. Ahsante, mwalimu, umetusaidia."

Akaniitishia chai na mkate wa mofa. Na mimi nikanywa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi nikikumbuka, kwamba nilikunywa ile chai yote na nikamshukuru.

Msitu wa Ngezi, kwa miguu

Gari la kwenda Makangale lilikwisha ondoka nilipokuwa juu ya gunia, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu. Nilijiambia nikitangulia nitamwambia mjomba mwenyewe kilichotokea, tupange la kusema. Nikakaza mwendo mpaka nikaingia msituni, barabara nyekundu, miti imefunga juu, kima wanarukaruka na kunipigia kelele.

Mle ndimo akili ilimonirudia. Mjomba haoni. Makangale nzima inajua kwamba haoni. Wanamshika mkono kumvusha mtaro. Mkaguzi atamwambia, wewe ndiye uliyeandika, na mtoto wa kwanza atakayekuwa pale atacheka. Na wakishajua si yeye, watauliza ni nani basi. Uongo wangu haukumwokoa yeye wala haukuniokoa mimi, ulikuwa umetununulia saa tatu tu. Nikaanza kukimbia. Kiatu kikakatika ukanda, nikavua vyote viwili, nikakimbia peku.

Nikasikia gari nyuma. Nikasimama pembeni lipite, nimeinamisha kichwa. Likasimama. Ndani mlikuwa na dereva na bwana mmoja wa Unguja, lafudhi yake ilimtangaza kabla hajamaliza salamu. Suti ya mikono mifupi, kofia ya kiua, mtu mwenye adabu. Na juu ya magoti yake kulikuwa na daftari langu.

"Wewe ndiwe Mwalimu Zuhura? Wameniambia Konde. Panda, mama, utaumia miguu."

Ningekataaje? Nikapanda, viatu mkononi. Alikuwa akisoma, na gari likirukaruka alikuwa akiweka kidole kwenye mstari asipotee. Hakuonyesha hasira. Mara moja moja aliguna.

"Mwandiko mzuri mno huu," akasema. "Hata ofisini kwetu sijauona. Mjomba wako ana mkono."

"Ndiyo," nikasema.

"Alifundishwa Ujerumani?"

"Nadhani."

"Ajabu. Maana mimi niliambiwa macho yake mabovu."

 Niliangalia nje na kuhesabu miti. Yeye akafungua ukurasa mwingine.

Makangale

Watu walikuwa wametoka kusali, wamekusanyika mbele ya skuli. Wachumaji wengi walikuja na kamba zao kiunoni, maana walitoka mashambani na walikuwa na nia ya kurudi. Nao wote waliniona nikishuka kwenye gari la mkaguzi, na wote waliona mkaguzi anashuka na daftari. Hapana aliyenitukana. Wanawake wa darasa la mjomba, ambao mwaka juzi nilikula nao na kulala nao, waliniamkia kwa sauti ndogo, kisha wakasogea kuniachia njia pana zaidi kuliko nilivyohitaji.

Mjomba alikuwa amekaa ndani kwenye dawati la mbele, amevaa lile koti la Ujerumani. Joto lile, koti. Nadhani alitaka aonekane msomi.

"Zuhura? Umekuja?"

"Nimekuja, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umelileta?"

"Limefika," nikasema.

Mkaguzi alikaa mezani, mwenyekiti wa tawi la chama kulia kwake. Alianza vizuri. Alisema yeye binafsi anamheshimu sana yule mwanafalsafa, amesomeshwa habari zake, na hana ugomvi na nusu ya kwanza ya daftari.

"Lakini ukurasa wa hamsini, mwalimu. Hapa mchumaji wa Pemba kafanywaje?"

"Kaulizwa swali," mjomba akasema. "Mzee wa Kijerumani alisema tuulize kila mahali."

"Hata hapa?"

"Na hapa si mahali?"

Wachumaji wakacheka, mkaguzi akapiga meza kwa kidole. Ikawa si mchezo tena. Alisema kwamba maneno ya mdomo yana dawa yake, mtu huonywa akaacha. Maandishi ni jambo jingine. Aliyeandika ukurasa huu ameandika akijua, na yeye anataka amjue.

"Mwalimu Kombo, uliandika wewe?"

"Mimi."

Hakusita hata kidogo. Nikafahamu kwamba yeye alikwisha kuliwazia jambo hili siku nyingi, na kwamba aliponiomba daftari hakuwa na nia ya kunitaja kamwe.

"Andika hapa basi. Jina lako tu."

Wakamtia kalamu mkononi. Aliitafuta karatasi kwa vidole, akaanza. Mstari ukapanda juu, ukatoka nje ya karatasi, ukaendelea juu ya ubao wa meza. Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alimshika mkono kwa upole, akaitoa kalamu.

"Huoni, mzee wangu. Nani aliyeandika?" Akasubiri. Kisha akageuka. "Mwalimu Zuhura, daftari lilitoka kwako. Na Konde ulisema kaandika yeye."

Chumba chote kikanigeukia. Mjomba akatikisa kichwa kidogo sana, ananikataza.

"Mimi nililibeba tu," nikasema.

Wenzangu, nilikuwa nimekuja safari ya siku mbili, na hayo ndiyo maneno yangu.

Akasimama Bi Time. Mwaka juzi mlinisikia nikimtaja: mchumaji, mjane, makamo ya mama zetu, aliyeanza darasa hajui kushika kalamu. Alikuja mbele na kamba yake kiunoni.

"Mie ndo nlioandika. Huno mwandiko wangu."

"Bibi, kaa," mkaguzi akasema.

"Nipa kalamu."

Akaandika amesimama, ameinama, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Aliandika polepole mpaka mwenyekiti wa tawi akapiga miayo. Alipomaliza mkaguzi aliichukua karatasi akaiweka kando ya ukurasa wa hamsini, na mimi nilikuwa karibu nikaona. *Pishi tatu za karafuu ni sawa na kanzu moja.* Ile k yangu yenye mguu mrefu. Ile f yangu. Hata kile kidoti ninachokiweka juu kidogo kuliko kawaida. Darasa halikuwa na vitabu, wala mwalimu wao hakuweza kuwaandikia ubaoni. Miezi mitano walikuwa wakinakili kutoka kwenye daftari lile, herufi kwa herufi, na hawakuwa wameona mwandiko mwingine.

Mkaguzi akatazama karatasi, akatazama daftari. Akasimama mwanamke wa pili, akasema ni wake. Naye akaandika, na wake ulikuwa ule ule. Kisha mzee mmoja mkataji kuni wa msituni, na wengine wa darasa nyuma yake, mpaka wakafika kumi na saba. Mjomba alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akiuliza, "Nani huyo? Nani anasema?" na macho yake yanatoka maji.

Ndipo nikasimama na mimi. Sikusukumwa na ushujaa. Nilishindwa kustahimili tu.

"Wanasema uongo," nikasema. "Mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyeandika daftari zima."

Mkaguzi alichoka. Akanisukumia kalamu bila kuniangalia. Nikaishika, na mkono wangu ukakataa. Ulikuwa ukitetemeka tangu Konde, sasa ukatetemeka wazi. Niliandika *pishi*, p ikaanguka, sh ikavunjika katikati. Nikajaribu tena kwa mikono miwili, ikawa mbaya zaidi. Mkaguzi alitazama mikwaruzo yangu, akaiweka kando ya karatasi ya Bi Time.

"Kaa chini, mwalimu," akasema. "Usitupotezee wakati. Huu si mwandiko wako."

Na watu wakacheka, kicheko cha kweli, cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasema kweli mle ndani.

Kurudi

Yaliyofuata ni mafupi. Mkaguzi hakuweza kuandika katika ripoti yake kwamba daftari limeandikwa na watu kumi na saba. Alilichukua, darasa akalifunga mpaka taarifa nyingine, na mjomba akaondolewa kazi ya kufundisha kwa sababu ya macho. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, kwa sababu ya macho. Hakufungwa. Nilipotaka kumwomba radhi kwa yale ya Konde alinikatiza, akaniambia nile kwanza, na nilipokwisha kula akajifanya amelala.

Ijumaa baada ya sala nikaondoka. Bi Time alikuwa akienda shambani njia ile ile, tukafuatana. Tulipofika mwisho wa nyumba nikashindwa kujizuia.

"Bi Time, Mungu akulipe. Uliniokoa."

Alisimama akanitazama, kweli hajui nasema nini.

"Nilikuokoa na nini?"

"Si ulisema mwandiko ni wako ili wasijue ni wangu?"

"Wako?" Hakukasirika. Alikuwa akinielimisha, kama mtu amwelezaye mgeni njia. "Weye uliandika mwezi mmoja, umekaa kitini, mkono wako washajua. Mie nimeuandika miezi mitano, kila siku baada ya kuchuma, vidole vimevimba, siwezi hata kufunga kanga. Nimelilia herufi moja siku tatu. Sasa nambie weye uliyesoma. Huno mwandiko, nani aliyeutolea jasho?"

Yeye akakaza kamba yake kiunoni, akaniaga, akaingia kwenye mikarafuu. Mimi nikashika njia ya Konde.